Sauti Iliyopigwa Pasi

"Simama hapo hapo!" alisema Mwongozaji, akaninyooshea kiganja kama askari wa barabarani aliyeona gari halina taa. "Wewe ndiye uliyetuma sampuli?"

Sikuwa nimemaliza hata aya ya pili. Mbele yangu kulikuwa na ukurasa wa hadithi ya watoto, maikrofoni iliyovishwa soksi nyeusi, na kioo kipana. Nyuma ya kioo alikaa yeye, mwanamke wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kifuani. Ndiye anayechagua wasomaji wa vitabu vya kusikiliza, na mtu akitoka kwenye chumba kile ameajiriwa, huwa anatoka akitembea kwa madaha hata kama kiatu kinambana.

"Ndiye mimi," nikajibu.

"Hapana. Sauti niliyoisikia mimi haina filimbi."

Nina mwanya katikati ya meno ya juu. Kila herufi ya s ikipita pale inapiga mluzi mdogo, kama birika linaloanza kufikiria kuchemka. Nimeishi nao tangu meno yaote, na sijawahi kuuonea aibu.

"Ngoja nikusikilizishe," akasema, akabonyeza kitu.

Ikatoka sauti ya mwanamke. Nyororo, imenyooka, haina hata kona. Alifanana nami jinsi picha ya bibi harusi inavyofanana na bibi harusi huyo huyo akiwa na mafua. S zake zilipita kimya kama wezi. Tena hakuvuta pumzi hata mara moja! Ukurasa mzima, mtu hana mapafu!

Nikahisi joto linanipanda kutoka kwenye nyayo. Siku ya kurekodi nilisoma mpaka koo likakauka, na mchumba wangu, ambaye ni fundi mitambo wa studio, akanibusu paji la uso akaniambia niende nyumbani kupumzika, yeye ataituma. Nikaenda, nikalala usingizi wa mtu anayependwa.

"Sikudanganya," nikasema.

"Basi nani kadanganya?"

Jina lilinifika kwenye ncha ya ulimi. Nikalimeza. Nyumba ile ya vitabu ndiyo inayompa Fundi kazi zake nyingi.

Mwongozaji akavaa miwani, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Binti, nikupe ushauri wa bure, maana inaelekea umeshapewa mwingine mbovu. Sampuli ni ahadi. Tuma kile unachoweza kukifanya Jumatatu asubuhi, una mafua, mwenye nyumba kakugombeza, na mimi nakukodolea macho kwenye kioo. Ukituma zaidi ya hicho, unanitangulizia mgeni, halafu unakuja wewe. Kitabu kizima kina kurasa mia ngapi? Nani atakaa akunyooshe kurasa zote hizo kwa pasi?"

"Naomba nimalize kusoma."

"Na hii filimbi," akaendelea kama hajanisikia, "pengine ningeipenda. Watoto wanapenda sauti yenye alama. Sasa sitajua, kwa sababu kila nikikusikiliza najiuliza kingine ulichoficha ni kipi. Ahsante kwa kuja. Mlango unafunguka kwa nje."

Ningekataliwa kwa ubaya wangu, ningelia nikanawa uso nikaendelea. Lakini kukataliwa kwa uzuri ambao si wangu! Nilitoka pale nimekunja ngumi zote mbili, nikapita kwenye benchi la wanaosubiri bila kumtazama mtu.

Simu ikaita nikiwa bado kwenye ngazi. Shangazi.

"Haya, Chiriku wetu! Tupige vigelegele au tusubiri chai ichemke kwanza?"

"Msipige, Shangazi."

"Mbona sauti iko hivyo?"

"Hii ndiyo sauti yangu, Shangazi! Ndiyo niliyo nayo! Sina nyingine kabatini!"

"Makubwa! Mtu kauliza tu, unamrarua."

Nikasikia simu inanyang'anywa, kisha sauti ya Mama, kavu. "Umekosa."

Hakuuliza. Mama huwa haulizi.

Hapa inabidi mjue makubaliano yetu. Mama hakuwahi kumtaka Fundi. "Wewe unaishi kwa kuongea, yeye anaishi kwa kusikiliza," alisema siku nilipomtaja kwa mara ya kwanza. "Mtakula nini, mwangwi?" Tulivutana wee, mpaka Shangazi akaingilia kati tukafika mahali. Nikiipata kazi hii, yenye mkataba na mshahara unaoonekana, Mama atawapokea wazee wa Fundi na hatanuna. Nikiikosa, mwezi ukianza naenda kusimama kaunta kwenye duka la vipuri la Mjomba, na Fundi aende zake.

"Mjomba wako nimwambie nini?" Mama akauliza.

"Mwambie asubiri."

"Kasubiri vya kutosha. Na huyo fundi waya wako nimwambie nini?"

"Huyo, Mama, niachie mimi."

Studio ya Fundi iko mwisho wa korido ndefu iliyobandikwa magodoro ukutani. Juu ya mlango kuna taa nyekundu. Ikiwaka, hata nyumba ikiungua, unangoja. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza aliyonifundisha, na miaka yote sikuwahi kuivunja. Nimekaa chini ya taa ile na njaa, na homa, na keki ya siku yake ya kuzaliwa ikiyeyuka mapajani.

Taa ilikuwa inawaka. Nikausukuma mlango kwa bega.

Fundi aligeuka kitini, mkono mmoja bado uko juu ya vitufe. Ndani ya kibanda cha kioo alikuwemo mzee mmoja mnene mwenye sauti ya ngurumo, yule anayesoma matangazo ya rangi za nyumba. Sisi humwita Mzee wa Rangi.

"Ta-taa nyekundu, Chiriku," Fundi akasema kwa upole.

"Naiona. Hata macho yangu mekundu, tumelingana. Umeipeleka wapi?"

"Nini?"

"Filimbi yangu! Uliitoa ukaiweka wapi? Nirudishie!"

Alinitazama. Fundi ana macho ya mtu anayesikiliza hata kukiwa kimya, na macho hayo ndiyo yaliyoniponza. Siku tuliyokutana nilikuja kusoma tangazo la shule, nikasoma, akasimamisha mashine akasema, "Rudia." Nikamuuliza nimekosea wapi. Akasema, "Hu-hujakosea. Nataka kusikia tena." Mwanamke gani angepona hapo? Baadaye aliniambia kwamba hata akipofuka atanitambua sokoni kwa mluzi wa s zangu. Sasa macho yale yale yakashuka sakafuni.

"Niliisafisha kidogo," akasema.

"Kidogo! Umenitoa filimbi, umenitoa pumzi, umeniunga vipande kama shuka la yatima! Hata kuku akinyonyolewa anaachiwa miguu! Nimesimama pale mbele ya kioo, nasikilizishwa mwanamke mwingine, naulizwa ni nani. Unajua nimeitwa nini leo?"

"Wa-walikucheka?"

"Afadhali wangenicheka! Nimeitwa mwongo!"

Kipaza sauti cha kibandani kikakohoa. "Samahani, vijana," Mzee wa Rangi akanguruma. "Nitoke, au niendelee na rangi inayodumu?"

"Kaa, Mzee!" nikamwambia. "Wewe ni shahidi."

"Haya, binti yangu. Nakaa."

Fundi alisimama. Ni mrefu, na akisimama karibu nami huwa nasahau nilichokuwa nasema. Safari hii sikusahau. "Chiriku, nisikilize. Wanaotafuta kazi ni wengi mno. Kila mtu anasafisha. Mpiga picha anasafisha, mchoraji anasafisha. Unapeleka kilicho bora, u-unaingia kwanza, mengine yanafuata ukiwa ndani."

"Kilicho bora kwa nani? Mbona hukuniuliza?"

"Ungekataa."

"Kumbe ulijua!"

Hapo ndipo hasira yangu ilipoota pembe. Mtu akikukosea kwa kutojua, unamwelekeza. Huyu alijua nitasema hapana, akaizunguka hapana yangu kama anavyozunguka dimbwi barabarani, akafika ng'ambo na viatu vikavu.

"Miaka yote unaniambia mwanya wangu hivi, mluzi wangu vile," nikasema, na sauti ikaanza kunitetemeka, nami sikuizuia. "Ukiwa peke yako na mimi, filimbi ni asali. Ikifika kwa watu, ni uchafu. Unaisugua! Sasa niambie, Fundi, unayempenda ni mimi au yule asiyepumua?"

"Usi-usiseme hivyo."

"Nimeshasema. Kikate hicho nacho."

Aliketi tena, taratibu, kama kiti kimekuwa mbali. Alipoongea hakunitazama. "Nilitaka kuwa mtangazaji. Unajua?"

Sikujua.

"Nilikwenda kwenye usaili. Nikasimama mbele ya kioo kama kile. Nikaanza ku-kusema 'karibuni'. Neno halikutoka. Nikaanza tena. Nyuma ya kioo nikawaona wanacheka, wamezima kipaza sauti, naona mabega tu yanaruka. Ndiyo maana nikakaa upande huu wa kioo." Akapitisha kiganja usoni. "Nilipousikia mluzi wako kwenye ile sampuli, niliona mabega yale. Nikaogopa. Nikaona bora niutoe mimi kwa mkono wangu kuliko wao wakucheke."

Ndani ya kibanda, Mzee wa Rangi alikuwa amevua hedifoni, kisha akazivaa tena kwa haraka, asipitwe.

Moyo wangu ulilegea. Nakiri, ulilegea, ukataka kwenda kukaa mapajani mwake palepale. Nikaukamata ukosi nikaurudisha.

"Pole," nikasema. "Kweli pole, waliokucheka hawana adabu. Lakini woga ni wako, Fundi. Kwa nini umeuvisha nguo zangu ukautuma kwa jina langu? Mwongozaji kasema pengine angeipenda filimbi. Pengine! Hilo 'pengine' lilikuwa langu, umelila wewe!"

Nikafuata alikokuwa anatazama. Kwenye skrini, mistari ya kijani ilikuwa inaruka, inapanda na kushuka, na nilipopumua, ikapumua.

"Chiriku," akanong'ona, na uso wake ukabadilika, ukawa uso ule wa siku ya kwanza. "Nimerekodi. Kipaza sauti cha mezani kilikuwa wazi. Yote uliyosema. Hujawahi kuwa na sauti kama hii. Hu-hujawahi! Tumtumie Mwongozaji. Hivi hivi ilivyo. Nitapunguza kidogo tu pale mwanzoni ulipopiga kelele..."

"Utapunguza!"

"Aa, kijana," Mzee wa Rangi akasema kwa masikitiko makubwa. "Aa-aa. Hapo umejichoma mwenyewe."

"Futa," nikasema.

"Lakini..."

"Futa, nikiona! Hiyo ni hasira yangu, imenitoka kwa ajili yako, si sampuli. Hata ugomvi wangu unataka kuupiga pasi?"

Akafuta. Mistari ikatoweka, skrini ikabaki nyeusi, na nikaona jinsi kidole chake kilivyosita kabla ya kubonyeza. Kwa mtu kama yeye, kufuta sauti ile ilikuwa sawa na kuchana picha yangu.

"Basi nimpigie Mwongozaji," akasema. "Nimwambie ni mimi. Akininyima kazi, a-aninyime."

"Usithubutu. Ukimpigia wewe, nitakuwa nimesemewa tena. Mdomo ninao, mpana tu, na mwanya wake."

Nikatoka mpaka kwenye ngazi za nje, palipo na mtandao, nikapiga. Fundi alinifuata akasimama mlangoni, mikono imemning'inia.

"Halo?"

"Shikamoo. Ni yule mwizi wa sauti wa asubuhi."

"Marahaba. Umesahau nini?"

"Nimesahau kumaliza. Ulinikatiza kwenye aya ya pili. Naomba kusoma tena, ukurasa utakaouchagua wewe, ambao sijawahi kuuona, na filimbi yangu na pumzi zangu zote. Ukinikataa hapo, utakuwa umenikataa mimi. Leo umemkataa mtu nisiyemjua."

"Nani aliyeinyoosha ile sampuli?"

Niligeuka. Fundi alikuwa anajigonga kifua kwa kidole, akinihimiza kwa kichwa: mtaje, mtaje.

"Ni mtu wangu wa karibu," nikasema. "Lakini ilikuja kwa jina langu, nami sikuisikiliza kabla haijatumwa. Hilo ndilo kosa langu. La kwake nimetoka kulishughulikia sasa hivi."

"Mchumba?"

"Ndiyo."

"Bado ni mchumba?"

Ah, mwanamke yule! Nikamtazama Fundi, naye akanitazama. Sijui kama alilisikia swali, lakini alisimama kama mtu aliyelisikia.

"Hilo bado tunalijadili," nikajibu. "La kazi ndilo nililokwisha kuliamua."

Akaguna, na guno lile lilikuwa na kicheko ndani yake, kimekunjwa vizuri. "Jumatatu asubuhi. Utasoma wa mwisho, mimi nimeshachoka na njaa inaniuma. Usije na mtu wa kukushikia maji."

"Ahsante sana."

"Usinishukuru, sijakupa kitu." Akakata.

Fundi akasogea. "Umeni-umeniokoa."

"Sijakuokoa. Sikutaka tu uingie kwenye maneno yangu, hata kwa wema. Tena sasa hivi utakwenda nyumbani. Mama na Shangazi wako sebuleni, wanaamini nimekosa kazi kwa sababu sauti yangu haifai. Kawaeleze ilivyokuwa."

"Mimi? Peke yangu?"

"Kwani ulipokuwa unanikata pumzi ulikuwa na nani?"

Akatazama chini ya ngazi, halafu akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza siku ile niliona hasira yake. Ilikuwa ndogo, lakini ya kwake.

"Kwenu huwa unanisemea wewe," akasema. "Mama yako akiniuliza ha-habari, unajibu wewe. Akiniuliza kazi, unajibu wewe. Sijawahi kumaliza sentensi kwenye sebule ile. Ulidhani sioni?"

Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Kwa mtu anayeitwa Chiriku, hilo ni tukio.

Akashuka ngazi. Hakuniaga kwa busu, wala mimi sikumpa shavu. Alivuka barabara kwa hatua zake ndefu, shati limemkaa upande, na akapotea kwenye kona ya duka la viatu bila kugeuka.

Nikakaa kwenye ngazi na hasira zangu. Nilikuwa bado nazo, zote, hakuna hata moja iliyopoa. Nilimkasirikia kwa sampuli, nikamkasirikia kwa kusema kweli, nikamkasirikia kwa jinsi mgongo wake ulivyopendeza akiondoka. Lakini katikati ya hasira zile nikaanza kuiona sebule yetu. Mama hana subira na mtu asiyemaliza neno. Humalizia yeye, na mara zote humalizia vibaya. Ungesema "nina..." angesema "njaa?" Nikamwona Fundi amesimama kwenye zulia, neno limemkwama kooni, na Mama anamtazama juu ya miwani.

Nikajikuta nimeshatoa simu, namba ya Mama imeshafunguka. Ni maneno machache tu, nikajiambia. Mama, akija, msubiri. Mama, usimmalizie. Nianze mimi kumweleza mambo yalivyokuwa, Fundi akifika akute njia nyeupe.

Nikakitazama kidole changu kilipokuwa kinaelekea. Nikaizima skrini, nikaikalia simu kabisa.

Mzee wa Rangi akatoka, akanipita, akashuka ngazi moja, akarudi. "Huyo kijana ni mjinga," akasema. "Lakini mimi nimerekodiwa na mafundi wengi, na huyu peke yake ndiye anayeniuliza kama nimekunywa maji. Mimi sijasema kitu." Akaenda zake.

Kivuli cha ukuta kilikuwa kimenifika magotini simu ilipoita chini yangu. Shangazi, akinong'ona, tena kwa sauti ya mtu aliyejificha jikoni.

"Chiriku! Fundi wako kaja. Kasimama katikati ya sebule, kakataa hata kiti. Kaanza neno, halitoki. Kaanza tena, halitoki. Mama yako keshashika kiuno, mimi huku roho inaniuma. Analitaja jina lako, basi, halafu anakwama. Nimsaidie?"

Kwa mbali, nyuma ya sauti yake, nikamsikia. Herufi ile ile, inarudi na kurudi, kama mtu anayegonga mlango na hataki kuondoka.

"Hapana, Shangazi," nikasema. "Rudi ukakae. Mwambie na Mama akae. Hata kukiingia giza, msubirini amalize."

Nikabaki nimeibana simu sikioni, nikinyamaza, nikisubiri nao.